Simu Moja, Wazee Wawili: Siku Tisa za Kukosa PIN Huko Awasi

Ukitoka Kisumu kwenda Kericho, ukishapita Ahero na mashamba yake ya mpunga, unafika Awasi, pale inapochepuka barabara ya kwenda Chemelil. Wengi wetu huijua Awasi kupitia dirisha la matatu tu: miwa, mahindi ya kuchoma, boda zikingoja abiria, halafu safari inaendelea. Safari hii sisi tulishuka.

Tulikuwa na swali ambalo wateja wetu walio mjini hutuuliza mara kwa mara: nikimtumia mzee pesa, mama ataiona? Tukapata wazee wawili waliokubali kutusimulia kila kitu isipokuwa majina yao. Basi tutawaita vile majirani wanavyowaita. Mume ni Mwalimu, au Japuonj kwa Kijaluo. Mke ni Nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach, maana huku mwanamke anaweza kukaa kwa mumewe miaka arubaini na bado akaitwa kwa kwao.

Mwalimu alistaafu 2016 akiwa na miaka 60. Angeondoka mapema, lakini mwaka 2009 serikali ilisogeza umri wa kustaafu kutoka 55 hadi 60, na anasema hiyo mitano ya nyongeza ndiyo iliyomsomesha kitinda mimba wake. Mkewe aliuza omena na samaki sokoni zaidi ya miaka thelathini. Yeye hana pensheni. Ana kuku, ana chama cha akina mama kila Alhamisi, na ana magoti yanayomsumbua mvua ikikaribia.

Siku yao huanza kabla ya jua. Nyar Nyakach huamka kwanza, anafungulia kuku, anaweka chai. Mwalimu hufuata, anasikiliza redio, halafu anavaa koti (koti, hata joto la Kano likiwa limeshaanza kuchoma) na kuelekea steji. Huko kuna gazeti linalosomwa na watu sita, kuna mabishano kuhusu bei ya miwa na nani alipitisha bajeti gani, na kuna ejenti. Kwa miaka mingi Mwalimu alitoa Sh300 kwa huyo ejenti kila asubuhi, isipokuwa Jumapili. Akirudi nyumbani anamkabidhi mkewe: hii ni ya leo.

Kwa nini asitoe ya wiki nzima mara moja? Sababu yake si mbaya. Kano ni tambarare, na mto Nyando ukifurika hauulizi. Mwaka 2020 maji yaliingia nyumba nyingi huku, 2024 yakarudi tena. Mtu aliyewahi kuanika noti juani kama omena haweki tena pesa chini ya godoro.

Lakini hebu tupige hesabu. Kwa ada za M-Pesa za wakati tunapoandika, kutoa kiasi chochote kati ya Sh101 na Sh2,500 kwa ejenti ni Sh29. Mwalimu akitoa Sh300 kila siku kwa siku 26, analipa Sh754 kwa mwezi. Pesa hizo hizo, Sh7,800, angezitoa kwa awamu nne na kulipa Sh116. Na dukani kwenye Till mnunuzi halipishwi ada, kwa hivyo unga na sabuni havihitaji noti kabisa.

Tulimwonyesha hesabu hiyo tukidhani atashtuka. Akacheka. Akatuambia hiyo Sh29 ndiyo nauli yake ya kwenda kupiga stori. Tukanyamaza, kwa sababu kweli, si kila ada ni hasara. Mzee akiacha kwenda steji atakaa nyumbani atazame ukuta.

Shida ilikuwa kwingine. Pensheni inaingia benki, kutoka benki Mwalimu anaivuta kwenye simu yake, kutoka simu inakuwa Sh300 mkononi mwa mkewe. Watoto nao wakituma, wanatuma kwa baba. Nyar Nyakach, ambaye aliendesha biashara ya samaki miaka yote hiyo bila kuandika deni hata moja na bila kusahau hata moja, hakujua pensheni ya mumewe ni pesa ngapi.

"Sikumficha," Mwalimu alituambia. "Hakuuliza."

Mkewe alikuwa anamimina chai. Hakusema kitu.

Halafu kiharusi kikaja. Ilikuwa asubuhi, Mwalimu akiwa anavaa lile koti, mkono wa kulia ukakataa na ulimi ukakataa. Majirani wakatafuta gari, akafikishwa hospitali, akalazwa siku tisa. Uhai ulikuwepo, akili ilikuwepo, maneno ndiyo hayakuwepo. Na pesa zote za nyumba ile zilikuwa ndani ya simu moja, nyuma ya tarakimu nne alizozijua mtu mmoja asiyeweza kuzitamka.

Kijana wao akajaribu kubahatisha. Akaweka mwaka wa kuzaliwa wa baba. Akaweka mwaka wake mwenyewe. Mara ya tatu akaunti ikafungwa, kwa sababu ndivyo mfumo unavyofanya PIN ikikosewa mara tatu, na kuifungua kunahitaji mwenyewe na kitambulisho chake. Tunasema hivi bila kumlaumu. Wengi wangefanya hivyo hivyo wakiwa kwenye korido ya wodi.

Binti yao wa Nairobi akafanya jambo la busara: sehemu ya bili ya hospitali akailipa moja kwa moja kwa Paybill. Lakini ugonjwa si bili peke yake. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha anayemuuguza mgonjwa, dawa unayoambiwa ukainunue duka la nje. Kwa hayo binti akatuma pesa kwa laini ya mama. Maana mama alikuwa na simu, kabambe ya vitufe aliyoitumia kupokea salamu.

Nyar Nyakach akaenda kwa ejenti karibu na hospitali. Ejenti akaomba kitambulisho, akaangalia jina, akakataa. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha kijana wake, aliyemnunulia zamani na kumletea ikiwa tayari. Mama alilia pale dirishani. Ejenti alikuwa sahihi, na hilo ndilo jambo gumu la hadithi hii: kila mmoja alifuata utaratibu, na mama hakuwa na nauli ya kurudi nyumbani.

Aliyemwokoa ni chama. Akina mama wa Alhamisi walikusanya, mmoja akapanda matatu na pesa mfukoni, akampelekea mkononi. Ulikuwa mkopo wa kawaida wenye riba ya kawaida, na ameshaulipa.

Siku ya tano, akiwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, simu ya Mwalimu ikalia ndani ya mkoba wake. Ni ujumbe wa benki. Pensheni imeingia. Akasoma kiasi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakutuambia ni ngapi. Alituambia tu kwamba aliisoma mara tatu, akairudisha simu mkobani, akaingia ndani kumlisha mumewe uji.

Walichobadilisha

Mwalimu alirudi nyumbani na fimbo, maneno yakarudi polepole. Mazungumzo waliyoyakwepa miaka yote yalifanyika mezani, binti akiwa amekuja likizo. Hawakupeana PIN. Tunalisisitiza hilo, kwa sababu watu wengi wakisikia kisa hiki husema dawa ni kumwambia mke, au mtoto, tarakimu zako. PIN ni ya mtu mmoja. Ukimpa mwingine na pesa zikapotea, huna pa kuanzia kulalamika.

Walichofanya ni kumpa Nyar Nyakach laini yake halisi, kwa kitambulisho chake, na PIN yake aliyoichagua akiwa amegeuka ukutani kama mtu anayehesabu mauzo. Wewe pia unaweza kuanza hapo: piga *106# kwenye simu yako uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ile ya mama yako iko hapo, umemwachia mtego. Nenda naye dukani kwa mtandao wenu na vitambulisho vyenu vyote viwili, mkarekebishe.

Pensheni ikiingia, sehemu ya matumizi ya nyumba huenda moja kwa moja kwa laini ya mke, na juu yake kuna akiba ya ugonjwa ambayo haiguswi kwa harusi wala kwa ada ya mjukuu. Watoto nao sasa hutuma kwa wote wawili. Binti analalamika kwamba kutuma mara mbili kunamgharimu zaidi kidogo. Ni kweli kunamgharimu. Tunadhani ni gharama inayofaa.

Na kuna daftari. Mwalimu ni mwalimu, alilipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Limeandikwa benki gani na tawi gani, namba ya pensheni, namba ya uanachama wa sacco, namba ya mita ya stima, nani anawadai na wao wanamdai nani. PIN haimo. Daftari liko kwenye sanduku la mama, chini ya leso.

Ukurasa wa mwisho ndio uliochukua muda. Huku kuzungumzia kifo cha mtu aliye hai ni kama kukiita, na Mwalimu aliuacha mtupu kwa wiki kadhaa. Lakini ni jambo ambalo wateja wetu hulikosea sana, kwa hivyo tuliseme waziwazi. Mtu akifa, pesa zilizo kwenye laini yake ni mali ya urithi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, hata kama anaijua PIN na hata kama ni mjane. Familia huenda kwa mtandao husika ikiwa na cheti cha kifo na vitambulisho, na huambiwa karatasi gani nyingine zinahitajika. Hilo huchukua muda, na muda huo ndio ambao ile akiba kwenye laini ya mke inapaswa kuubeba.

Jambo moja zaidi lilitokea baadaye. Mtu alimpigia Nyar Nyakach akijidai ni wa kampuni ya simu, ati laini yake mpya ina tatizo, ataje PIN waisawazishe. Alimjibu kwamba hata mumewe hajawahi kuisikia, sembuse yeye, akakata. Kumbuka hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji PIN yako, na Safaricom huwapigia wateja wake kutoka 0722 000 000 pekee.

Tulipoondoka, Mwalimu alitusindikiza hadi steji kwa fimbo yake. Hatoi tena Sh300 kila siku. Mkono wa kulia bado mzito kwa vitufe. Asubuhi hiyo mkewe alikuwa amemtumia za gazeti na chai. Akatoa simu, akawaonyesha wazee wenzake ujumbe wenye jina kamili la mkewe, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mmoja wao, jirani wa miaka mingi, akasema hakuwahi kujua anaitwa hivyo.