MADOA YA JUA: MAMBO YANAYOTABIRIKA NA YASIYOTABIRIKA

Mfugaji wa Kajiado ambaye mvua zimemkawilia ana mashauri mawili mbele yake: kuuza ng'ombe wake wangali wanono, au kungoja. Akiuza kisha mvua ikanyesha, amepata hasara. Akingoja na mvua isinyeshe, atauza mifupa na ngozi. Kwa hiyo kila habari inayodai kutabiri mvua husikilizwa sana, na mojawapo ni habari ya madoa ya jua. Yafaa ifahamike madoa hayo ni nini, wataalamu huyafuata namna gani, na ni mambo gani yanayoweza kutabiriwa kwayo.

Madoa ni nini

Juu ya uso wa jua huonekana mahali peusi, pengine padogo, pengine pakubwa kuliko dunia yote. Hapo hapana shimo wala masizi. Ni mahali ambapo nguvu ya sumaku ya jua ni kali mno, hata huzuia joto lisipande kutoka chini. Uso wa jua una joto la digrii 5,500 hivi za sentigredi, bali katikati ya doa ni kama 4,000 au pungufu. Doa huonekana jeusi kwa sababu linazungukwa na sehemu zenye mwanga mkubwa zaidi.

Mjerumani mmoja, Heinrich Schwabe, aliyatazama madoa kwa miaka mingi, na mwaka 1844 alitangaza kwamba huongezeka na kupungua kwa zamu. Leo yajulikana kwamba zamu moja ni ya miaka 11 hivi. Mwaka 1848 Rudolf Wolf wa Uswisi alianzisha kanuni ya kuyahesabu: kila kundi huhesabiwa 10, kisha huongezwa idadi ya madoa yenyewe. Siku yenye makundi 3 na madoa 14 hupewa hesabu ya 44. Hesabu hiyo ingali inatunzwa, na sasa makao yake ni Brussels, Ubelgiji.

Nuru za usiku

Pengine nguvu za sumaku katika madoa hukatika ghafula, na jua hutupa angani wingu kubwa la chembe za umeme. Mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8, lakini wingu hilo huchukua siku moja hadi tatu. Likifika, sumaku ya dunia huziongoza chembe kuelekea ncha za kaskazini na kusini. Huko hugonga hewa ya juu nayo hung'aa kwa rangi ya kijani na nyekundu. Nuru hizo huitwa aurora.

Basi utabiri wa aurora ni kazi ya kulinda zamu. Jua hujizungusha kwa siku 27 hivi, kwa hiyo doa kubwa likitokea ukingoni, wataalamu wajua kwamba baada ya juma moja litatuelekea. Wingu likitupwa, hupima mwendo wake na kukadiria siku ya kufika. Mwishowe setilaiti zilizowekwa maili milioni moja hivi kutoka duniani hupima wingu lenyewe, na kuonya kwa muda usiozidi saa moja hivi.

Mnamo tarehe 10 Mei 2024 onyo la namna hiyo lilitimia. Dhoruba ya sumaku ilikuwa kali kuliko zote tangu mwaka 2003, na aurora ilionekana hata Florida, Marekani.

Na huku kwetu?

Miji ya Kitengela na Kajiado iko kusini ya Ikweta kwa umbali usiofika digrii 2, mbali mno na ncha zote mbili. Kwa hiyo nuru zile hazikuonekana. Hata hivyo jua huigusa nchi hii kwa njia nyingine. Madoa yakiwa mengi, tabaka za umeme zilizo juu ya hewa huchafuka, hasa karibu na Ikweta baada ya magharibi. Redio za masafa mafupi huweza kufifia, na mpima viwanja wa Kitengela atumiaye setilaiti huweza kupata vipimo vyenye kosa. Hivyo ni vema apime tena siku nyingine kabla ya kusimika mawe ya mipaka.

Lakini si kila jambo ni la jua. Tarehe 12 Mei 2024, dhoruba ile ikiwa imetokea tu, intaneti ilidhoofika Kenya na nchi jirani. Sababu yake ilikuwa nyaya zilizokatika chini ya bahari upande wa kusini. Mambo mawili kutokea pamoja si dalili ya kwamba moja limezaa jingine.

Je, mvua?

Kosa hilo liliwapata hata wataalamu. Mwaka 1923 Mwingereza C. E. P. Brooks alionyesha kwamba maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua. Kwa miaka 25 hivi mambo yalikwenda vivyo, kisha yakaachana. Mnamo Mei 1964 ziwa lilijaa kupita kiasi, hali madoa yalikuwa karibu kwisha kabisa.

Ukame wa Kajiado nao haukufuata zamu ya jua. Ule wa mwaka 2000 ulikuja madoa yakiwa mengi. Wa 2009 yakiwa machache mno. Wa 2022 yakiwa yanaongezeka. Na wa 1961, uliowaua ng'ombe wengi wa Wamasai, yakiwa yanapungua. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1961 mvua kubwa zilinyesha, na jua lilikuwa lile lile.

Mvua za vuli hutegemea zaidi joto la maji ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na hayo ndiyo yanayoangaliwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inapotoa utabiri wa msimu. Utabiri huo nao huweza kukosea, lakini umejengwa juu ya mambo yanayoleta mvua. Mfugaji anayepima kuuza au kungoja na ausikilize huo, pamoja na kuangalia hali ya malisho na visima vyake.

Na anayetaka kuyaona madoa asilitazame jua kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa darubini isiyo na kichujio maalumu. Jicho likiungua kwa jua huenda lisipone.