Bima ya Land Rover kuukuu: Jua yasiyolipwa

Msimu wa mahindi ukifika, mwenye Land Rover kuukuu Mjimwema, mjini Songea, haliachi gari likae bure. Hulitoa kubeba magunia ya majirani kwa malipo. Hapo ndipo bima yake inapoweza kukosa nguvu bila yeye kujua.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka mwenye gari kukata angalau bima ndogo, inayowafidia watu wengine. Gari lenyewe hulindwa na bima kubwa, ambayo nayo ina orodha ya yasiyolipwa.

Kwanza ni matumizi. Gari lililokatiwa bima ya binafsi likipinduka na mzigo wa kulipiwa, kampuni inaweza kukataa dai. Pili ni uchakavu: gia boksi ikifa yenyewe, gharama ni ya mwenye gari. Tatu ni mpaka: ukivuka Mkenda kuingia Msumbiji bila kuiongezea bima eneo hilo, huna kinga.

Nne ni thamani. Land Rover Series III ziliacha kutengenezwa mwaka 1985. Aliyelifufua gari lake kwa sh. milioni 15, wakati sokoni lina thamani ya sh. milioni 8, kwa kawaida hafidiwi zaidi ya bei ya soko. Uingereza magari ya aina hii hukatiwa bima ya thamani iliyokubaliwa mapema, lakini mara nyingi kwa masharti ya kutozidisha umbali fulani kwa mwaka.

Dawa ni kusema ukweli kwenye fomu: gari linabeba nini, kwa malipo au bure, na linafika wapi. Bima ya biashara ni ghali zaidi, lakini ni afadhali kuliko kulipia miaka yote na kukosa fidia siku ya ajali.