Hofu ya Panya na Dawa za Wasiwasi

Katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Robert na Caroline Blanchard waliwajengea panya makazi yenye uwanja wa wazi na vijia vinavyoingia kwenye vyumba vidogo, kama mashimo ya porini. Kuanzia mwaka 1989 walieleza kilichotokea paka alipoletwa uwanjani. Panya walitimua mbio hadi mashimoni, wakaganda, wakatoa mlio wa kilohezi 22 hivi ambao sikio la binadamu haliusikii. Paka aliondolewa, nao hawakutoka. Ilipita saa nyingi ndipo mmoja akatokeza pua mlangoni, akinusa, shingo mbele na tumbo chini, tayari kurudi.

Watafiti huiita hatua hiyo kupima hatari. Kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa hapo panya hakimbii wala hapigani; anatafuta habari.

Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayopunguza kasi ya seli za ubongo. Panya aliyejificha akipewa dawa hiyo, huanza kuchungulia mapema. Aliyekwisha kuanza kuchungulia hupunguza, akarudia shughuli zake za kawaida. Ukihesabu tu mara alizochungulia, utadhani dawa inajipinga yenyewe, kumbe mara zote mbili imemsogeza hatua moja mbele. Lakini mwindaji akiwa mbele yake, diazepamu haimzuii sana kukimbia.

Mbio hizo hufanana zaidi na hofu ya ghafla inayomshika mtu moyo ukimwenda mbio. Katika majaribio ya panya wa aina ndogo, dozi moja ya imipramini au fluoksetini, ambazo ni dawa za sonona, ilizidisha kukimbia. Walipopewa kila siku kwa wiki kadhaa, kukimbia kukapungua. Wagonjwa wa hofu hiyo ya ghafla nao hupitia hayo: baadhi huona wasiwasi ukipanda siku za mwanzo za dawa, kabla ya nafuu. Anayepatwa na hali hiyo amweleze haraka aliyemwandikia dawa, asiiache kimyakimya.

Kinachonisumbua ni kwamba kwa miongo mingi majaribio ya namna hii yalitumia zaidi panya madume. Magonjwa ya wasiwasi huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume, na hata katika maabara ya Hawaii panya majike walionyesha tabia za kujihami kwa kiwango tofauti na madume.