Simba wako ameuawaje na fisi wawili?

Umewahi kucheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata alioubuni mwanahisabati Richard Garfield, uliotolewa mwaka 1993? Kila kiumbe kina namba mbili: pigo na uhimili. Anayeshambulia huchagua nani aende. Anayejilinda huchagua nani azuie. Mapigo hutua kwa pamoja.

Tuseme unatuma simba wa 3/3, anazuiwa na fisi wawili wa 2/2. Simba anapigwa 4, kwisha! Yeye ana 3 tu, anaua fisi mmoja.

Simba wa kweli wa Serengeti huhesabu kwanza. Utafiti wa 1994 uliwasikilizisha majike ngurumo kwa spika: waliufuata mngurumo wa mgeni mmoja kwa wepesi kuliko wa watatu. Basi nawe, kabla hujashambulia, hesabu wazuiaji.