Kuhesabu Mapigo Ndani ya Kinu

Kwenye mialo ya dhahabu mkoani Geita, karasha husikika kabla halijaonekana. Pipa la chuma linazunguka, na ndani yake gololi za chuma zinapanda na kuangukia mawe mpaka yawe unga. Likiwa kazini, hakuna awezaye kuchungulia. Hata kwenye vinu vikubwa vya viwandani, fundi hutegemea sikio, mita ya umeme na unga unaotoka.

Siku hizi kompyuta ndiyo inayochungulia. Mwaka 1979 Peter Cundall na Otto Strack walichapisha njia ya kufuata kila chembe peke yake: iko wapi, ina kasi gani, imegusana na ipi, kwa nguvu kiasi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mishra na Rajamani wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliipeleka kinuni. Sekunde moja ya mzunguko hukatwa vipande laki moja au zaidi, na kwa kila kipande migongano yote huhesabiwa upya.

Faida huonekana mapema. Kinu chenye kipenyo cha mita 4 kikizungushwa mara 21 hivi kwa dakika, gololi za pembeni hung'ang'ania ukuta zisianguke tena. Kwa hiyo huendeshwa kwa karibu robo tatu ya kasi hiyo. Hata hapo, kompyuta huonyesha kwamba vinyanyuzi vya ukutani vikiwa wima mno, gololi huruka mbali na kupiga ukuta mtupu. Umeme unaliwa, chuma kinalika, na jiwe halijaguswa.

Jiwe litavunjika kwa pigo gani? Hilo kompyuta hufundishwa na jiwe lenyewe. Maabara huliweka juu ya chuma, huliangushia uzito kutoka kimo kinachojulikana, kisha huzoa vipande na kuvichekecha kwa matundu yanayozidi kuwa madogo. Hapa ndipo penye utamu: mwaka 2002 Tavares na King walieleza kwa hesabu jinsi pigo dhaifu, hata lisipovunja kitu, linavyoacha nyufa ndani ya jiwe, na jinsi mengine dhaifu vile vile yanavyokuja kulipasua.

Jiwe la sentimita 10 likisagwa hadi chembe za sehemu ya kumi ya milimita huzaa chembe bilioni moja. Kuzifuata zote katika kinu kizima ni mzigo usiobebeka. Wataalamu hufuata gololi na mawe makubwa tu, kisha huigawa nishati ya mapigo kwa madaraja ya ukubwa, wakihesabu kiasi kilichovunjika katika kila daraja na kilikoangukia. Jibu hulinganishwa na unga halisi kutoka kinuni; vikitofautiana, wanarudi maabara kwenye uzito wao na jiwe moja.