Kigae Bila Daftari ni Bubu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huyachukulia maneno hayo kuwa wasia kwa wafanyabiashara. Hata hivyo, yanastahiki zaidi kukaririwa katika ghala za makavazi, ambamo vigae, ushanga, sarafu na mifupa iliyofukuliwa ardhini huwekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Ieleweke kwamba kuchimba ni kuharibu. Tabaka la udongo likishafukuliwa halirudi mahali pake. Kinachosalia ni vitu vilivyopatikana, pamoja na madaftari, ramani na picha zinazoeleza kila kimoja kilitoka wapi, kwa kina gani na kando ya nini. Sisi wanaisimu tunalijua vyema jambo hili. Neno "kaa" likisimama peke yake, ni nani awezaye kusema kama ni mnyama wa baharini, kipande cha moto au amri ya kuketi? Sentensi ndiyo iamuayo. Kigae nacho sentensi yake ni lile tabaka kilimolala, na sentensi hiyo sasa imo daftarini tu.

Tutazame mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate. Mark Horton alipochimba huko katika miaka ya 1980, alikuta chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa misikiti mingine iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya awali kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Ushahidi huo ulisaidia kuitikisa ile dhana kwamba miji ya Waswahili ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo. Haukutokana na dhahabu wala kito cha thamani, bali na mpangilio wa matabaka ulioandikwa kwa uangalifu. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1996. Laiti madaftari yangalioza katika kipindi hicho, hoja nayo ingalioza.

Adui za hazina hii ni wengi, hasa pwani. Jahazi la kivita la Wareno, Santo António de Tanna, lilizama mbele ya Fort Jesus mwaka wa 1697, na mabaki yake yakachunguzwa kuanzia 1977 hadi 1980. Chombo cha udongo kilichokaa baharini kikianikwa kabla ya kulowekwa katika maji baridi, chumvi huganda ndani yake na kukibambua. Chuma nacho huliwa na kutu. Karatasi hushambuliwa na mchwa na unyevu. Wino wa lebo hufifia, na siku lebo inapofutika, kigae hugeuka kuwa changarawe.

Wapo wanaodai kuwa tarakilishi imelimaliza tatizo hili. La hasha! Diski huharibika, na programu za jana hazisomeki kesho. Nakala zataka kuhamishwa kila baada ya muda na kuwekwa mahali zaidi ya pamoja. Moto ulioteketeza Makavazi ya Taifa ya Brazil jijini Rio de Janeiro, tarehe 2 Septemba 2018, uliunguza vitu vya kale pamoja na kanda za lugha za wenyeji, nyingine zikiwa hazina tena msemaji hata mmoja. Nani atazirekodi upya?

Basi tufanyeje? Kwanza, kibali cha kuchimba kisitolewe pasipo bajeti ya kuhifadhi. Mtafiti asiye na fedha za masanduku, lebo na mtunza kumbukumbu hajawa tayari kushika jembe. Pili, vyuo vikuu viifundishe kazi ya kuhifadhi kwa heshima ile ile inayopewa uchimbaji. Tatu, walimu wawafunze wanafunzi kutookota ovyo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa na hali alimokikuta. Sheria yenyewe imetambua kuwa mahali ni nusu ya kitu.

Ardhi imevitunza vitu hivi kwa karne nyingi bila mshahara. Itakuwa aibu iliyoje iwapo sisi, wenye kalamu na mapaa juu ya vichwa vyetu, tutashindwa kuvitunza kwa miaka hamsini!