Ureno Ilijengwa kwa Fedha za Nani?

Ziara za kuongozwa nchini Ureno hupangwa kwa namna inayofanana mno. Siku mbili au tatu Lisbon, nusu siku Sintra kwenye makasri ya mlimani, kisha basi linaelekea kaskazini kupitia Tomar na Coimbra hadi Porto, na mwishoni siku moja au mbili katika bonde la mto Douro kuonja mvinyo. Anayelipa zaidi huongezewa Évora na tambarare za Alentejo. Nchi yenyewe si kubwa. Kutoka Lisbon hadi Porto ni kama kilomita 300, mwendo wa saa tatu kwa treni, hivyo wiki moja au siku kumi zinatosha kwa mzunguko wote huo. Kasoro ya ziara hizi ni kwamba kila kituo husimuliwa peke yake: kasri lina mfalme wake, kanisa lina mtakatifu wake, mvinyo una ladha yake, na mgeni anarudi kwao na akina João watano wa kifalme asioweza kuwatenganisha. Ninavyoona mimi, mambo hayo yote ni hadithi moja, na mgeni anaweza kuipata kwa kuuliza swali lilelile kila basi linaposimama: fedha zilitoka wapi? Anayeuliza hivyo ataielewa Ureno kuliko anayekariri tarehe. Na kama ametoka pwani ya Afrika Mashariki, kuna mahali atajibiwa kwa jina la mji anaoujua.

Tuanze Belém, ukingoni mwa mto Tejo, kwa kuwa ziara karibu zote huanzia hapo. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, enzi za Mfalme Manuel I. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu na mapambo ya baharini, na ukiingia kanisani unakuta kaburi la Vasco da Gama karibu na mlango. Mwongoza watalii atakueleza hayo yote, na ataongeza kwamba monasteri na Mnara wa Belém vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1983. Ukimuuliza habari ya fedha, jibu lipo na halina siri: gharama kubwa ililipwa kwa ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa zilizotoka Afrika na Asia, pilipili manga na viungo vingine vikiwa mbele. Kwa hiyo zile kamba za mawe ni zaidi ya mapambo. Jengo linasema wazi lilikopata riziki yake, ila wageni wengi hupita na kamera zao bila kulisikiliza.

Safari iliyolipa ushuru huo inajulikana kwetu kwa upande wake wa pili. Vasco da Gama aliondoka hapo Belém Julai 1497, akafika Mombasa na Malindi Aprili 1498, na kutoka Malindi akapata rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1502 alirudi na merikebu nyingi zenye mizinga, akatia nanga Kilwa, na kumlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka, la sivyo mji ungepigwa. Dhahabu ya kwanza ikafika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel hakuitumia kulipa mabaharia. Aliamuru ifuliwe monstransi, chombo ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili iabudiwe, na kazi hiyo inahusishwa na sonara Gil Vicente. Chombo hicho bado kipo, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, kati ya Belém na katikati ya jiji: dhahabu iliyotiwa rangi za kung'aa, mitume kumi na wawili wamepiga magoti, na juu yao minara midogo iliyofumwa kwa ustadi usiosahaulika. Kwenye kitako kuna maandishi yanayotaja jina la mfalme, mwaka wa kumalizika, yaani 1506, na asili ya dhahabu: kodi ya Kilwa. Mwaka mmoja kabla ya sonara kumaliza, kodi ilikuwa haijalipwa, na Francisco de Almeida alikuwa amekwisha kufika na kundi lake la merikebu, akaipora Kilwa, kisha akaichoma Mombasa.

Hapa pingamizi la kwanza halikwepeki. Watu wa Kilwa nao hawakuwa malaika. Dhahabu ile haikuchimbwa kisiwani; ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa kuishika biashara hiyo na kuitoza ushuru. Kasri la Husuni Kubwa lilijengwa kwa faida hizo. Na biashara ya watumwa ilikuwepo katika pwani yetu kabla Mreno hajaonekana. Basi tukimuuliza Manuel fedha alizitoa wapi, mbona hatumuulizi sultani? Nakubali, tumuulize. Swali hili halikuwekwa kwa ajili ya kumshitaki Mreno peke yake, na mgeni wa Kilwa Kisiwani angefaidika nalo vilevile. Linachofanya ni kuziunganisha sehemu ambazo ziara imezitenga: mchimbaji wa bara, mfanyabiashara wa Sofala, sultani wa Kilwa, nahodha mwenye mizinga, sonara wa Lisbon. Ukiondoa mmoja, kile chombo cha dhahabu hakieleweki.

Wapo watakaosema kwamba mtalii amelipa nauli na hoteli ili apumzike, asianze kubebeshwa dhambi za karne ya 16. Pingamizi hilo lina uzito kwa anayekwenda kulala ufukweni Algarve. Ila anayejiandikisha kwa ziara ya miji ya kihistoria atasikiliza maelezo apende asipende. Mwongozaji hanyamazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Tofauti ni maelezo gani. Na kudhani kwamba Wareno watachukizwa na swali ni kuwadharau, kwani wao wenyewe wameliuliza zamani na kwa ukali kuliko sisi. Jumba la Mafra, lililoanza kujengwa mwaka 1717 kwa dhahabu ya Brazil enzi za Mfalme João V, limeandikiwa riwaya, Memorial do Convento ya José Saramago, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Humo Saramago aliwapa nafasi vibarua waliokokota mawe na kufia kazini, nafasi ambayo wanahistoria wa makasri humpa mfalme.

Dhahabu ya Brazil ndiyo inayoeleza pia maktaba ya Joanina katika Chuo Kikuu cha Coimbra, iliyojengwa wakati wa mfalme huyohuyo: rafu za mbao zilizonakshiwa kwa dhahabu, na popo wanaoachwa humo makusudi wale wadudu waharibifu wa vitabu usiku. Wageni huwakumbuka popo. Ni haki yao, popo wanavutia. Tomar nayo ina jibu lake: ngome ya mashujaa wa Hekalu (Watemplari) ilirithiwa na Shirika la Kristo, na Mwana-mfalme Henrique alipopewa uongozi wake mwaka 1420, mapato ya shirika yakasaidia safari za kuelekea Afrika Magharibi. Mwaka 1444, katika bandari ya Lagos huko kusini, mateka 235 kutoka Afrika walishushwa na kugawanywa hadharani. Kufikia katikati ya karne ya 16, takribani mtu mmoja katika kila kumi jijini Lisbon alikuwa mtumwa. Sintra naipita haraka, maana huko jibu huwa lilelile, na milango ya Sintra ina msongamano kuliko hoja yangu.

Ni Douro panapolipa swali hili thamani yake, kwa sababu huko ndiko wengi wanakoamini kwamba historia imekwisha na raha imeanza. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliiangamiza Lisbon, pamoja na jumba la mfalme na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Afrika na Asia. Waziri aliyeshika hatamu, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliijenga upya katikati ya jiji kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko. Nchi ilihitaji mapato ya uhakika. Mwaka uliofuata, 1756, akaanzisha kampuni ya mvinyo ya Douro na kuamuru mipaka ya mashamba bora ichorwe na kuwekewa nguzo za mawe. Mteja mkubwa alikuwa Mwingereza, aliyeutoza mvinyo wa Ureno ushuru mdogo kuliko wa Ufaransa tangu mkataba wa Methuen wa mwaka 1703. Wafanyabiashara walikuwa wamezoea kuupaka mvinyo dhaifu rangi kwa vitunda vyeusi vya porini. Pombal akaamuru miti ya vitunda hivyo ing'olewe. Kampuni ikapewa pia haki ya peke yake ya kuuza mvinyo katika vilabu vya Porto. Wenye vilabu wakaandamana Februari 1757, serikali ikawajibu kwa kunyonga. Kwa hiyo glasi ile tamu inayotolewa mwisho wa matembezi ya maghala ya Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya Porto, ina sheria, diplomasia na damu ndani yake.

Utamu wenyewe una sababu iliyo rahisi kueleza. Zabibu zilizopondwa zinapochacha, hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Kabla sukari haijaisha, mtengenezaji humimina pombe kali iliyokenekwa kutokana na zabibu, kama sehemu moja kwa nne za mvinyo. Hamira hufa, sukari hubaki, na kinywaji hufikia takribani asilimia 20 ya kileo. Mvinyo wa namna hiyo ulistahimili safari ya baharini, na hapo tena biashara ikaamua ladha.

Msomaji asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari, anaweza kuuliza siku mbili za Douro zina maana gani kwake. Nadhani yeye ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuiona. Anayeonja huishia kuitazama glasi, ilhali urithi uliosajiliwa na UNESCO mwaka 2001 ni milima. Miteremko ya Douro ni ya mwamba wa tabakatabaka, mikali, yenye joto la kuunguza kiangazi. Udongo wa kupandia ulipatikana kwa kuvunja mwamba, na kuta za matuta zikajengwa kwa mawe matupu, bila chokaa, kilomita kwa kilomita. Wengi wa wajenzi walikuwa vibarua maskini kutoka Galicia, kaskazini mwa mpaka. Karne ya 19, miaka ya 1860, mdudu wa filoksera alikula mizizi ya mizabibu. Wenye uwezo walipandikiza upya juu ya mashina ya Kimarekani. Wengine waliyaacha matuta yao, na leo yanaonekana kando ya mashamba yaliyotunzwa, vichaka na mizeituni vimeyafunika. Kuyatambua hakuhitaji kuonja tone.

Mtu anaweza kunirudi kwamba nimeifanya Ureno nzima kuwa zao la makoloni. Kuta za Douro zenyewe zinakataa, na Alentejo inakataa zaidi. Mwaloni wa vizibo hauanzi kubanduliwa gome hadi utimize miaka kama 25, kisha husubiriwa miaka tisa kabla ya kuguswa tena, na Ureno hutoa takribani nusu ya gome la vizibo la dunia kwa subira hiyo ya wakulima. Swali la fedha lina faida hiyo pia: humtaja anayestahili kusifiwa, si anayestahili kulaumiwa tu.

Na lina mizunguko ya kushangaza. Makumbusho ya Calouste Gulbenkian jijini Lisbon yanatokana na utajiri wa Muarmenia aliyekuwa na sehemu ya asilimia 5 katika mafuta ya Iraki, kiwango kilekile cha ushuru wa Jerónimos. Taasisi yake ndiyo iliyotoa fedha za kuchimbua na kuikarabati Fort Jesus ya Mombasa, ngome ya Wareno ya mwaka 1593, hadi ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960.

Linabaki suala la kama mtu anahitaji kuongozwa hata kidogo. Treni zipo, simu ina ramani, na makundi huharakishwa. Anayekwenda peke yake huokoa fedha. Kwa Lisbon na Porto nakubaliana na hoja hiyo. Bonde la Douro na Alentejo ni jambo jingine, kwani mashamba yako mbali na stesheni, na nguzo za Pombal au matuta yaliyoachwa hayana kibao cha kuyaeleza. Atakayechagua ziara ya kampuni aisome ratiba kabla ya kulipa na aulize mambo matatu kwa maandishi: kama Douro inatembelewa kwa miguu kwenye matuta au kwa boti na glasi peke yake, kama Lagos imo, na kama Lisbon imetengewa saa mbili za Makumbusho ya Sanaa ya Kale. La mwisho mara nyingi halimo. Basi lisipopita huko, ajitengee alasiri moja na achukue teksi hadi mtaa wa Janelas Verdes, isiwe Jumatatu, siku ambayo makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa.